D Kubwa na Kwaya ya Mbotela

Wazo lilizaliwa matangani. Mama alikuwa amerudi nyumbani kwetu, mtaa wa Umoja, kutoka kumzika mwenzake wa zamani wa kwaya, akaketi sebuleni bila kuvua viatu, kitambaa cha kichwani kikiwa kimeteleza hadi sikioni.

"Tumeimba vibaya," alisema. "Waimbaji wa sauti ya tena hawakuwepo kabisa. Besi alikuwa mmoja, na huyo mmoja ana mafua. Unajua tumeambiana nini pale kaburini? Kwamba siku hizi tunakutana kwa mazishi tu. Nimewaambia hapana, safari hii tukutane tukiwa wazima."

Kwaya yao ilikuwa ya kanisa dogo kule Mbotela, kwenye nyumba za kansoli, yaani za baraza la jiji, karibu na barabara ya Jogoo, tulikoishi nilipokuwa mtoto. Wengi wao walikuwa wametoka magharibi mwa Kenya, wakaja Nairobi kufanya kazi reli, kansoli na maofisini, na kazi ikiisha walikuwa wakienda kanisani kuimba. Baadaye wakastaafu. Wengine walirudi mashambani, wengine wakahamia kwa watoto wao, na nambari zao zikapotea pamoja na simu zenyewe.

Mama akanigeukia. "Wewe si unafanya mambo ya kompyuta?"

Mimi nilikuwa karani wa mapokezi katika kampuni ya kusafirisha mizigo. Mambo ya kompyuta yalikuwa ya jioni tu. Nilikuwa nikijifunza mwenyewe kuandika skripti, amri fupi zinazoendesha kurasa za wavuti, kwa masomo ya bure niliyoyapata mtandaoni, kwenye kompyuta niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Mpaka siku hiyo, kazi yangu kubwa ilikuwa kitufe kinachobadilika rangi ukikibonyeza. Mama alikuwa amewaita majirani waje kukiona.

"Tengeneza mahali watu watajiandikisha," akasema. "Jina, sauti mtu aliyokuwa akiimba, na nambari ya simu. Halafu uwatumie wote ujumbe, waambiwe siku na mahali. Ni kitu kigumu?"

"Si kigumu, Mama."

Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa nimefurahi. Hakuna aliyewahi kuniomba nitengeneze kitu cha kutumiwa na watu.

Ukurasa niliumaliza wiki hiyohiyo. Niliupaka rangi ya joho lao la zamani, zambarau, na juu nikaweka picha ya kwaya iliyokuwa imetundikwa ukutani kwetu. Kwenye kisanduku cha simu niliweka mlinzi, mstari mmoja wa skripti unaokagua alichoandika mtu. Ukiandika chochote kisicho tarakimu, maandishi mekundu yanatokea: Nambari si sahihi. Niliona nimefanya kazi ya kitaalamu. Mama akausambaza ukurasa kwa WhatsApp ya akina mama wa kanisa, nao wakausambaza walikojua.

Kesho yake simu ya Mama haikupumzika.

"Ukurasa umenikataa," alilalamika mwimbaji mmoja wa tena aliyekuwa ameanza nambari yake kwa alama ya kujumlisha, kama alivyofundishwa na mwanawe aliye ng'ambo. Alto mmoja alikuwa ameacha nafasi kati ya tarakimu ili zisomeke vizuri, akaambiwa amekosea. Mwingine alikuwa ameweka vistari. Mama aliwasikiliza wote, akawapa pole wote, kisha akapanda ngazi hadi chumba changu, kile tulichojenga juu ya nyumba baada ya watu wa Umoja wote kuanza kujenga juu ya nyumba zao.

"Mbona mtambo wako una maringo hivi?" akaniuliza. "Mtu amekuja na nambari yake mwenyewe, unamwambia si sahihi. Wewe unaijua kumshinda?"

"Mama, programu ya kutuma ujumbe inataka tarakimu tupu. Nikiiachia alama au nafasi, haitumi."

"Basi zitoe wewe. Usiwape wazee kazi yako."

Nikamwondoa mlinzi, nikaacha kisanduku wazi, na wanakwaya wakaingia na kila kitu walichokuwa nacho. Kwenye nafasi ya simu waliandika nambari, ndiyo, lakini pia waliandika maisha. Mmoja aliweka nambari halafu akaongeza: ni ya jirani, mwambie aniite kwa sauti maana sisikii vizuri. Mwingine: piga baada ya saa kumi, mchana niko sokoni. Soprano fulani aliandika yake, kisha: hii ndiyo nzuri, ile mliyokuwa nayo ilianguka chooni. Na besi mmoja hakuandika tarakimu hata moja. Alisema hivi: sina simu, lakini nyumba mnaijua, haijahama.

Jioni hiyo nililifungua somo nililokuwa nimeliruka, lile la ruwaza. Nililiruka kwa sababu lilionekana kama kuku amekanyaga wino akapita juu ya karatasi. Sasa nililisoma kama mtu anayetafuta dawa. Ruwaza, niliambiwa, ni maelezo mafupi ya aina ya maandishi unayotaka kompyuta iyatafute. Ukiandika kimstari kilicholalia nyuma kisha d ndogo, \d, unasema: nitafutie tarakimu yoyote, sifuri hadi tisa. Ukibadilisha ile d ikawa kubwa, \D, maana inageuka nje ndani: nitafutie chochote ambacho si tarakimu. Herufi, nafasi, vistari, nukta, mabano, alama ya kujumlisha, maneno ya soprano na choo chake, vyote hivyo ni D kubwa.

Niliusoma ukurasa huo mara mbili na kucheka peke yangu. Siku zote nilikuwa nikifikiria jinsi ya kuzitaja takataka zote moja moja, na nikisahau moja inanitoroka. Kumbe huhitaji kuzitaja. Unasema tu, kila kisichokuwa hiki.

Nikaandika mstari wangu wa kwanza, wa kutafuta D kubwa na kuweka utupu mahali pake. Nikaujaribu kwa nambari ya yule mwimbaji wa tena mwenye mwana ng'ambo. Alama ya kujumlisha ikatoka, lakini nafasi zote zikabaki. Nikajaribu ya alto wa vistari: kistari cha kwanza kikaondoka, vingine vikanitazama. Nilirudi kwenye somo, nikaona nilichokosa. Bila herufi g mwishoni, skripti ikipata kitu cha kwanza inaridhika na kwenda kulala. Ukiweka g, inaendelea hadi mwisho. Nikaandika upya:

simu.replace(/\D/g, "")

Nikabonyeza. Nambari zikashuka kwenye kioo cha kompyuta moja baada ya nyingine, safi, tarakimu tupu, zimenyooka kama wanafunzi kwenye gwaride. Nilisimama, nikacheza. Nilicheza kwa kishindo, kwa hiyo Mama, aliyekuwa chini akichambua mboga ya mrenda, akaja mbio akidhani nimeona panya.

"Angalia, Mama! Zote zimesafika!"

Mama alivaa miwani, akainama. Akatazama kwa muda.

"Na maneno yao yameenda wapi?"

"Nimeyatoa. Nambari ndizo tunazohitaji."

"Umeyatupa?"

Hapo ndipo nilipoona uso wake. Nikamweleza haraka kwamba sijatupa kitu, walichoandika kimehifadhiwa kama kilivyokuja na mimi nimesafisha nakala. Lakini hakutulia mpaka nikamwonyesha. Nikabadilisha herufi moja tu, D kubwa ikawa d ndogo, nikabonyeza, na safari hii tarakimu ndizo zilizotoweka, yakabaki maneno.

"Soma," akasema, akashuka kuchukua ungo wake wa mrenda, akarudi na kuketi kitandani kwangu.

Nikamsomea. Alicheka kuhusu jirani wa kuita kwa sauti hadi majani yakamwagika. Kwa kila mmoja alikuwa na hadithi: huyu aliwahi kuimba ubeti wa pili watu wakiwa bado wa kwanza, na hakukoma, huyu alikuja mazoezini na mtoto mgongoni, na mtoto alikuwa na sauti kumshinda. Nilikulia miongoni mwa watu hawa nikiwajua kwa viatu vyao tu, maana nilikuwa nikilala chini ya benchi wakiimba. Nilipofika kwa besi asiye na simu, Mama alisema, "Huyo niachie. Nitamwendea kwa miguu yangu."

Kisha nikasoma jina lililofuata, na Mama akaacha kuchambua.

"Rudia."

Nikarudia. Alikuwa mwalimu wao wa kwaya. Nilimkumbuka kidogo: mwanamke mrefu, kucha fupi, aliyekuwa akigonga vidole mezani kuwapa mwendo. Mchana alikuwa taipisti katika ofisi za kansoli. Jioni aliwafundisha watu wazima kuimba bila kinanda, kwa sababu kinanda hakikuwepo. Alipostaafu aliondoka Mbotela, na kwa miaka mingi Mama alikuwa akiuliza habari zake kila alipokutana na mtu wa huko. Wengine walisema yuko Bungoma, wengine wakasema alishafariki. Na sasa jina lake lilikuwa mbele yetu. Kwenye nafasi ya sauti alikuwa ameandika: zote nne.

"Ni yeye," Mama alisema. "Ni yeye kabisa. Hakuna mwingine anayeweza kuandika hivyo." Akajifuta macho kwa nyuma ya mkono wenye utelezi wa mrenda, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

Jumamosi asubuhi tukatuma ujumbe. Majibu yalianza kuingia kabla sijamaliza chai. Nakuja. Nakuja na mke wangu, naye ni soprano siku hizi. Joho langu limenibana lakini nakuja. Mama alikuwa amekaa kando yangu kama mtu anayesikiliza matokeo ya uchaguzi, akirudia kila jina kwa sauti. Lakini ujumbe mmoja ulirudishwa, ukisema nambari haijakamilika. Ulikuwa wa mwalimu wa kwaya.

Nikaifungua nambari yake iliyosafishwa. Ilikuwa fupi, imekatwa kama mkia wa mjusi. Nikaenda kwenye maandishi yake mwenyewe, na hapo nikachanganyikiwa, kwa sababu alikuwa ameandika vizuri kuliko wote. Hakuna nafasi, hakuna kistari, hakuna neno. Nambari nzima, imetulia kwenye kisanduku chake, ikianza kama nambari zetu zote zinavyoanza.

"Mbona unaikata?" Mama akauliza. "Si ni hii hapa? Naiona."

"Hata mimi naiona."

Nilidhani nimeharibu skripti. Nikaandika nambari yangu mwenyewe, nikaipitisha, ikatoka nzima. Nikapitisha ya Mama, nzima. Nikarudisha ya mwalimu, ikakatwa palepale. Basi nikaamua kuiuliza ruwaza inaona nini. Badala ya kuiamuru ifute, niliiamuru ipake rangi kila kitu inachokiona kuwa D kubwa. Nikabonyeza, na katikati ya nambari ile safi, sifuri ya mwanzo ikapakwa njano. Moja nazo zikapakwa njano, zote.

Nilisogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Nikakuza maandishi. Yakawa makubwa kama ya bango, na hapo nikaona.

"Mama, hii si sifuri. Ni herufi O. Na hizi si moja. Ni herufi l ndogo."

Kwa mwandiko mwembamba niliokuwa nimeuchagua, l na moja walikuwa mapacha, na O ilifanana na sifuri vya kutosha kumdanganya yeyote mwenye haraka. Macho yangu yalisoma nilichotarajia. Ruwaza haikutarajia kitu, ikasoma kilichoandikwa.

"Lakini kwa nini mtu aandike herufi?" nikauliza. "Tarakimu ziko pale pale."

Mama akapiga paja lake kofi. "Taipureta!"

"Taipureta imefanyaje?"

"Mashine yake ya ofisini haikuwa na moja! Nilikuwa nikimpitia jioni twende mazoezini pamoja, nakaa pale kumsubiri amalize. Siku moja nikatazama vitufe vyake nikamwuliza, Mwalimu, hapa zinaanzia mbili, moja iko wapi? Akanionyesha l ndogo. Sifuri nayo ni O. Zile mashine za zamani ndivyo zilivyokuwa, ukiandika zinatoka sawa tu kwenye karatasi. Amefanya hivyo maisha yake yote ya kazi!"

Tulitazamana, tukapasuka kwa kicheko. Niliongeza mistari miwili kwenye skripti, juu ya ule wa D kubwa, kwa nambari yake peke yake: popote penye O weka sifuri, popote penye l weka moja, kisha ndipo usafishe. Nikabonyeza. Nambari ikatoka nzima. Mama hakutaka habari ya ujumbe. Alinipokonya simu, akapiga.

Iliita kwa muda. Kisha sauti ikasema, "Haloo, nani mwenzangu?"

Mama hakutaja jina lake. Basi akaimba. Aliimba sauti ya alto peke yake, mstari wa kwanza wa wimbo waliokuwa wakianzia mazoezi, na alto bila wenzake ni kama ugali bila mboga. Halafu ile sauti ikaingia na soprano juu yake, taratibu, kidogo inatetemeka, na wakafika pamoja mwisho wa mstari.

"Umeshuka nusu sauti," mwalimu akasema. "Lakini nimekujua."

"Mwalimu! Ulikuwa wapi?"

"Niko hapahapa Nairobi, Tassia, kwa binti yangu. Nilijiandikisha kwa kompyuta yake, nikangoja. Kila siku namwuliza, wameniita? Nikasema labda wamepata mwalimu mwingine."

"Tumpate wapi? Ni herufi zako, Mwalimu! Herufi zako za kansoli!"

Jumapili baada ya ibada tulikwenda kumwona, kwenye ghorofa ya nne ambako nguo za wapangaji zilikuwa zimeanikwa kuanzia juu hadi chini. Alikuwa amepungua mwili lakini si urefu. Alinishika mashavu kwa mikono yote miwili. "Huyu ndiye aliyekuwa analala chini ya benchi?" Nilipomweleza kilichotokea, hakuamini. Akaiomba kompyuta ya binti yake, akaketi wima, akafumba macho, na vidole vikaanza kwenda. Sijawahi kuona mtu akiandika vile. Vilikuwa kama mvua juu ya mabati. Akafumbua macho, akaikagua nambari yake.

"Hebu nionyeshe."

Nilimpakia herufi zake rangi ya njano. Akaangalia O, akaangalia l, akaviangalia vidole vyake.

"Hawa hawajastaafu!" akasema, na akacheka hadi ikabidi binti yake amletee maji.

Kisha akawa mwalimu. Akataka kujua ni akina nani wanaokuja, wangapi ni soprano, waimbaji wa tena wanapumua vizuri au la, na yule besi asiye na simu amepatikana? Mama akamwambia amempata, nyumba kweli haikuwa imehama, na alikuwa amejibu bila kuinuka kitini kwamba atakuja kama atapewa kiti cha nyuma. "Atakaa mbele," mwalimu akasema.

Siku yenyewe, ukumbi wa kanisa la Mbotela ulijaa kabla ya wakati, jambo ambalo Mama alisema halijawahi kutokea wakiwa vijana. Watu walikuwa wakisimama mlangoni, wakitazamana usoni kwa shaka, halafu mayowe. Wengine walikuja na fimbo, wengine na wajukuu. Yule asiyesikia vizuri alikuja na jirani yake wa kumwitia, na kumbe jirani naye alikuwa na besi nzuri, akatiwa kwenye safu hapohapo. Joho la zambarau lilikuwa limewabana karibu wote. Nilikuwa nimesimama ukutani na simu, nikipiga picha, nikijiona mgeni mwenye kazi.

Mwalimu alipanda jukwaani polepole, ameshikwa mkono na Mama. Akawatazama. Kisha kidole chake kikaelekea kwangu.

"Wewe binti wa kompyuta, unafanya nini huko ukutani?"

"Siwezi kuimba, Mwalimu."

"Nani amekwambia?"

Kwa kweli hakuna aliyewahi kuniambia. Nilikuwa nimeamua mwenyewe.

"Nenda kwa alto. Simama kati ya mama yako na huyo wa kilemba cha bluu. Wasikilize, ufuate. Ukipotea, nyamaza kidogo, halafu urudi."

Nikaenda. Mama alinisogezea nafasi bila kunitazama, lakini nilihisi bega lake likitetemeka kwa kicheko. Mwalimu akagonga vidole juu ya meza ya mbele, vikapatana na sakafu, vikapatana na miguu yetu. Wakaanza.

Sijui nilikuwa nikitarajia nini. Sauti za wazee, labda, na huruma. Lakini ziliingia kwa mpangilio, besi kwanza, zikajenga chini kama msingi wa nyumba, wale wa tena wakaja juu yao, na alto tukaingia. Nilipotea mara moja. Nikanyamaza. Mwanamke wa kilemba cha bluu aliniinamia, akaniimbia sikioni, na nikarudi. Soprano walipopanda, watoto waliokuwa wakicheza nje wakaja kujaa madirishani, na mama mmoja aliyekuwa akiuza mandazi ng'ambo ya barabara akaiacha meza yake, akasimama mlangoni na koleo mkononi.

Tuliimba mpaka chakula kikapoa. Baadaye, watu walipokuwa wakiagana nje jinsi ambavyo watu wetu huagana, yaani kwa kuanza mazungumzo mapya, waliafikiana kukutana kila mwezi, na mwalimu akanipa amri ya kupamba ukurasa upya na kuongeza mahali pa maneno ya nyimbo. Nilikubali kabla hajamaliza. Jua lilikuwa likielekea kushuka nyuma ya nyumba za kansoli, na kwenye lango soprano wawili walikuwa wamesimama na mifuko yao ya chakula wakibishana, kila mmoja akiimba ubeti wa tatu kwa njia yake kumthibitishia mwenzake, huku yule besi wa kiti cha nyuma akiwapigia makofi wote wawili.